Mwanafunzi Mwenye Deni

Kijana wa Kakese, hapa Mpanda mkoani Katavi, akileta nyumbani habari kwamba amepata nafasi ya kusoma huku akifanya kazi ng'ambo, kikao cha ukoo kitauliza mambo mawili. La kwanza: inatakiwa shilingi ngapi? La pili: huko atakuwa analipwa shilingi ngapi? Baba mdogo atatoa simu afungue kikokotoo, na kabla chai haijapoa hesabu itakuwa imeshaleta nyumba ya bati, pawatila na ada za wadogo zake. Swali la tatu huwa halina mwulizaji: hizo fedha za kumpeleka tunazitoa wapi, na zinatakiwa zirudi lini, kwa nani?

Nimekaa kwenye kazi ya kuwaandaa vijana kwa mipango ya namna hii muda wa kutosha, na safu ya leo ni ya hilo swali la tatu. Maandalizi tunayoyajua wote yana orodha ndefu: pasi ya kusafiria, lugha, usaili, bima, koti la baridi, semina ya jinsi ya kuishi na wenyeji. Yote yana maana. Lakini deni huyashinda yote. Anayeondoka na deni la familia mgongoni amekwisha kuamua, kabla hata hajaingia uwanja wa ndege, kwamba siku darasa na zamu ya kazi vikigongana, darasa ndilo litakaloachwa. Viza itamwita mwanafunzi. Mdai wake aliyebaki Mpanda hamjui kwa jina hilo.

Kakese na jirani yake Mwamkulu ni nchi ya mpunga. Fedha ya familia iko kwenye majaruba, na inatoka mara moja kwa mwaka. Anayetaka milioni kadhaa kwa mpigo nje ya msimu ana njia chache, na zote zinajulikana. Atauza mpunga ungali shambani, kwa bei atakayoipanga mnunuzi. Atakodisha shamba kwa misimu miwili au mitatu. Atauza ng'ombe, kama anao. Atakwenda Vicoba. Au ataingia kwenye ile mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Njia hizi hazilingani hata kidogo, na hapo ndipo mshauri anatakiwa akae muda mrefu kuliko kwenye koti la baridi. Ng'ombe akishauzwa hadai riba. Shamba lililokodishwa linapunguza chakula cha nyumbani lakini halipigi simu. Kausha damu inadai kila wiki, na mshahara wa kwanza wa ng'ambo unaweza kuchukua miezi miwili au mitatu kufika mkononi, ukizingatia kufungua akaunti ya benki, kujiandikisha kwenye mamlaka za mji na kulipa dhamana ya chumba. Familia inayochukua mkopo wa wiki kumgharamia mtu atakayelipwa baada ya miezi imeshafilisika, ila tarehe ndiyo bado.

Kama kuna mtu anadhani hili ni suala la vijiji vya mbali na barabara kuu, atazame Eldoret. Mwaka 2021 serikali ya kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, chini ya gavana wa wakati huo Jackson Mandago, ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Kanada. Wazazi waliweka ada na gharama nyingine kwenye akaunti iliyosimamiwa na kaunti yenyewe, na si wachache waliouza ardhi na mifugo ili jina la mtoto lisirukwe. Baadhi ya vijana waliondoka, wengi wakabaki. Kufikia 2023, waliokuwa Finland walikuwa wanaambiwa na vyuo vyao kwamba ada haijafika na kwamba wanaweza kuondolewa masomoni, na wazazi walikuwa barabarani Eldoret wakiandamana. Agosti mwaka huo Mandago, akiwa sasa seneta, alifikishwa mahakamani pamoja na waliokuwa maofisa wa kaunti kwa mashtaka ya kula njama ya kuiba zaidi ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya. Alikana mashtaka.

Ya mahakama tuyaachie mahakama. Kinachonihusu mimi ni hesabu iliyokuwa chini ya ule mpango hata kabla ya senti moja kupotea. Familia nyingi ziliambiwa, au zilijiambia zenyewe, kwamba tatizo ni ada ya mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili na wa tatu kijana atajilipia kwa kazi za muda. Finland inamruhusu mwanafunzi wa nje kufanya kazi kwa wastani wa saa 30 kwa wiki. Lakini ruhusa si ajira. Kazi za muda katika mji wa Kifini, kuanzia jikoni hadi kwenye nyumba za kulea wazee, zinadai Kifini, na Kifini si lugha ya kuokota njiani. Kijana aliyesomeshwa kwa Kiingereza anajikuta na saa 30 za ruhusa na saa sita za kazi ya kusambaza vipeperushi. Hapo deni la nyumbani linaanza kuzungumza.

Kanada ilitoa somo lingine, la sheria inayobadilika mtu akiwa tayari yuko ndani. Kati ya Novemba 2022 na mwisho wa Aprili 2024 serikali yake iliondoa kwa muda kikomo cha saa za kazi nje ya chuo. Wanafunzi wakafanya kazi kama watu wazima wenye ajira, wakatuma fedha, na picha zikasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Kisha kikomo kikarudi: saa 20 kwa wiki, na kuanzia Novemba 2024 saa 24. Aliyepanga kulipa deni kwa saa 40 akabaki na njia mbili, kuchelewesha deni au kuvunja masharti ya viza. Uingereza ni saa 20 wakati wa muhula. Ujerumani huhesabu kwa siku: tangu Machi 2024 mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu-siku 280. Kila nchi ina kipimo chake na kila kipimo kinaweza kubadilishwa na waziri mmoja asubuhi moja. Ndiyo maana bajeti inayosimama kwa kutegemea saa zote za juu zinazoruhusiwa mimi huirudisha mezani. Napenda kuona bajeti inayosimama kwa nusu yake.

Hapa wabeba maboksi wa zamani, wale waliokwenda miaka ya tisini, hunicheka. Wanasema wao waliondoka na dola mia mbili na wakatoboa. Ni kweli, baadhi yao. Waliotoboa ndio wanaorudi Krismasi kusimulia.

Tuitazame Ujerumani kwa karibu, kwa sababu kwa kijana wa Kakese mwenye kidato cha nne au cha sita kizuri, kati ya njia zote za kusoma na kufanya kazi, ile yao ya mafunzo ya ufundi stadi ndiyo naiona ya kweli kuliko nyingine. Siku fulani uko shuleni, siku nyingine uko kazini kwa mwajiri aliyekuajiri kama mwanagenzi, na analazimika kisheria kukulipa posho tangu mwezi wa kwanza. Uuguzi ni mfano mzuri: miaka mitatu, saa zisizopungua 2,100 za darasani na 2,500 za wodini. Ada ya chuo hakuna. Ndiyo maana Kenya ilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wenye ujuzi na Ujerumani mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na ndiyo maana madarasa ya Kijerumani yamechipuka Nairobi na Dar es Salaam.

Sasa hesabu. Mwanagenzi wa uuguzi katika hospitali ya umma hulipwa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi mwaka wa kwanza. Kikao cha ukoo kitazidisha mara shilingi 2,900 na kupata karibu milioni nne. Hapo kikao hufungwa kwa maombi, na ni makosa, kwa sababu hati ya mshahara ina mistari mingine chini. Michango ya pensheni, bima ya afya, bima ya uangalizi wa uzeeni na bima ya kukosa ajira huchukua karibu moja ya tano. Zimebaki kama 1,040. Chumba, tuseme 400. Chakula cha mtu anayejipikia, 250. Tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima, kwa bei ya 2025, ilikuwa 58. Simu na intaneti, 20. Kisha kuna mchango wa redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa kila kaya, hata kama huna televisheni na huelewi redio inasema nini; barua yake huja yenyewe, na asiyeijibu huletewa nyingine kali zaidi. Zimebaki chini ya euro 300, kabla ya viatu vya baridi na dawa ya meno. Ni shilingi laki nane na kitu.

Laki nane kwa mwezi si haba kwa kijana wa miaka ishirini anayesoma bure. Tatizo linakuja pale tunapoweka juu yake yale yaliyotangulia. Tuseme familia ilitumia milioni 12 kumfikisha: miezi ya kuishi Dar es Salaam akisoma lugha, ada ya kozi, mitihani, tafsiri za vyeti, viza, nauli. Akituma kila senti aliyobakiza, bila kununua koti, bila kuumwa jino, anahitaji zaidi ya miezi 14 kurudisha mtaji tu. Kama milioni hizo zilikuwa za riba, miezi hiyo inageuka miaka. Na katika miezi hiyohiyo anatakiwa afaulu anatomia kwa Kijerumani. Akishindwa mtihani wa mwisho zaidi ya mara zinazoruhusiwa, mkataba wa mafunzo unakwisha, na viza ilisimama juu ya mkataba huo.

Ukurasa huu wa hesabu ndio maandalizi ninayoyathamini kuliko semina yoyote. Nautaka uandikwe kwa mkono, kwa Kiswahili, na baba na mama wakiwa wamekaa hapo. Kijana peke yake ataniitikia kila kitu. Mama ndiye atakayeuliza, "Sasa mwalimu, akiugua nani anamlipa hizo siku?" Na ni swali zuri: Ujerumani mwajiri anaendelea kumlipa mwanagenzi mgonjwa hadi wiki sita, wakati mwanafunzi wa chuo anayefanya kazi za kuitwaitwa anaweza kukosa zamu akaambulia patupu. Baba naye atauliza kama inawezekana mtoto atume kidogokidogo kuanzia mwezi wa kwanza. Jibu langu ni hapana, na nataka alisikie akiwa Kakese, mtoto yupo, ili mwezi wa pili simu ya usiku isiwe ya lawama. Makubaliano ya kutotuma fedha kwa mwaka wa kwanza ni sehemu ya maandalizi kama ilivyo chanjo.

Upande wa shahada ni mgumu zaidi. Ujerumani inamtaka anayeomba viza ya kusoma chuo kikuu aonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima, na kiwango tangu Septemba 2024 ni euro 11,904, zinazowekwa kwenye akaunti inayofungwa na kufunguliwa 992 kila mwezi. Ni zaidi ya shilingi milioni 30. Nimesikia ushauri wa vijiweni kwamba fedha hizo hukopwa tu za kuonyesha, kisha zinarudishwa. Anayetoa ushauri huo hajui akaunti hiyo inavyofanya kazi: fedha zikiingia hazirudi kwa mkopeshaji, na kila 992 inayotoka ni chumba na mkate wa mwezi huo. Mkopo wa milioni 30 kwa mtu mwenye siku 140 za kazi ni mlima.

Katavi ina mlango mwingine ambao ni wa karibu kuliko Berlin, nao ni kilimo. Chuo Kikuu cha Sokoine kina ndaki yake ya Mizengo Pinda huko Kibaoni, Mpimbwe, ndani ya mkoa huu. Na ni huko Sokoine, Morogoro, ulikozaliwa ushirika wa wahitimu wajasiriamali, SUGECO, ambao kwa miaka kadhaa umekuwa ukiwapeleka vijana Israel kwa mafunzo ya vitendo shambani. Mpango wa aina hii hudumu kama miezi 11. Sehemu kubwa ya wiki ni kazi shambani, siku moja ni darasa. Kijana hulipwa mshahara wa kibarua wa nchi hiyo, na humo humo hukatwa malazi, bima na gharama za masomo.

Uwiano huo wa siku ndio ninaoutaka kijana autazame bila kupepesa. Siku moja ya darasa kwa wiki maana yake darasa lako la kweli ni shamba lenyewe, na basi la kuuliza kabla ya kutia saini ni shamba gani. Atakayepangiwa zizi la maziwa atarudi anajua ng'ombe. Atakayepangiwa nyumba ya kufungasha pilipili hoho atasimama mbele ya mkanda miezi 11, na atarudi anajua kufungasha. Israel ni mabingwa wa umwagiliaji wa matone, teknolojia ya kuhesabu kila tone jangwani. Kakese mpunga unasimama ndani ya maji. Si kwamba matone hayana kazi Katavi. Bustani za nyanya na vitunguu za kiangazi zingenufaika nayo sana. Ila kijana anatakiwa ajue kabla ya kuondoka kwamba anakwenda kujifunza bustani, au maziwa, au hesabu za shamba, halafu aombe kupangiwa huko, kwa maandishi. Nimeona walioomba wakapewa. Wasioomba hupangwa palipo na pengo la mikono.

Na kuna jambo ambalo hakuna semina ya maandalizi iliyokuwa ikiligusa hadi tarehe 7 Oktoba 2023. Clemence Felix Mtenga, mwenye umri wa miaka 22, na Joshua Loitu Mollel, miaka 21, vijana wa Kitanzania waliokuwa kwenye mafunzo ya kilimo karibu na mpaka wa Gaza, walitoweka siku Hamas iliposhambulia. Walikuwa wamefika Israel Septemba, wiki chache tu kabla. Kifo cha Clemence kilithibitishwa Novemba, cha Joshua Desemba, na mwili wa Joshua haukukabidhiwa hadi Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye. Siku ileile ya shambulio waliuawa wanafunzi 10 wa kilimo kutoka Nepal katika kibbutz, yaani kijiji cha ushirika, ya Alumim, waliokwenda kwa mpango wa aina hiyohiyo wa kujifunza na kupata kipato.

Ramani ilikuwepo siku zote. Nahal Oz na Nir Oz, kibbutz walikokuwa Joshua na Clemence, ziko kilomita chache sana kutoka uzio wa Gaza, na kila mwanakijiji wa hapo alijua sekunde alizonazo za kukimbilia chumba cha kujikinga na makombora. Mtu aliyetoka Simanjiro au Rombo wiki tatu zilizopita hajui. Kumwonyesha ramani, kumwambia king'ora kinalia vipi na mlango wa chumba kile unafungwa vipi, na kumwachia haki ya kukataa kituo bila kupoteza nafasi yake, hilo ni la siku ya kwanza ya maandalizi. Linagusa nyumbani pia: nani Kakese ana nakala ya mkataba, jina kamili la shamba, namba ya ubalozi, na picha ya ukurasa wa pasi? Familia nyingi zina namba ya WhatsApp ya mtoto, basi.

Vita vilivyofuata vilionyesha pia kazi ya deni waziwazi kuliko utafiti wowote. Thailand ndiyo iliyokuwa na vibarua wengi wa mashambani Israel, na ilipoteza raia makumi. Serikali yake ilipowataka warudi nyumbani, wengi walisita, kwa sababu walikwenda kwa kukopa. Ikabidi serikali iahidi ruzuku ya baht 50,000 kwa kila anayerudi, pamoja na mkopo nafuu wa kuzima madeni. Mtu anasikia mabomu na bado anahesabu marejesho. Mwezi uliofuata, Novemba 2023, vijana 221 wa Malawi walipanda ndege kwenda kujaza nafasi zilizoachwa mashambani. Hao walikwenda kama wafanyakazi moja kwa moja, na kwa hilo angalau karatasi zao zilisema ukweli.

Historia ya mipango hii ya kazi na mafunzo haifurahishi, na iko karibu nasi. Mwaka 1979 Msumbiji ilitia saini mkataba na Ujerumani Mashariki wa kupeleka vijana kufanya kazi na kupata mafunzo ya ufundi. Walikwenda maelfu kwa maelfu. Wengi waliotarajia chuo walipewa mashine kiwandani. Sehemu ya mshahara wao, kwa kipindi fulani hadi asilimia 60, ilikatwa kwa ahadi kwamba watalipwa wakirudi. Waliporudi, baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, fedha hazikuwepo. Zilikuwa zimekwenda kwenye hesabu za madeni kati ya serikali mbili. Watu hao, wanaojulikana kama Madgermanes, walizeeka wakiandamana Maputo kila Jumatano. Kwa hiyo nikiona mkataba unaosema sehemu ya posho "itahifadhiwa", nauliza: kwenye benki ipi, kwa jina la nani, na kijana anaweza kuitoa lini?

Msomaji makini atakuwa ameshapata pingamizi. Kama deni ndilo tatizo, basi mpango usiodai hata senti ndio salama? Alabuga inajibu. Ni eneo la viwanda huko Tatarstan, Urusi, ambalo kupitia mpango wake wa Alabuga Start limekuwa likiwaalika wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Kenya, Rwanda, Sudan Kusini, Nigeria na kwingineko: njoo ufanye kazi na ujifunze, upishi, huduma za hoteli, usafirishaji, tiketi ya ndege tunalipa sisi. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wengi wao waliishia kuunganisha droni za kivita, wakishika kemikali zinazounguza ngozi. Aprili mwaka huohuo droni ya Ukraine ilikuwa imeshapiga bweni la hapo. Na ile tiketi ya bure? Kwa mujibu wa uchunguzi huohuo, nauli, malazi, matibabu na masomo ya Kirusi vilikatwa kwenye mshahara. Lilikuwa deni vilevile, ila limebadili mkono: mdai sasa ni mwajiri, na ndiye pia anayeshika ratiba yako na bweni lako. Mimi ningeogopa hilo kuliko deni la Vicoba.

Ulinzi wa kiserikali upo, ila mipango hii ina mguu kwenye ofisi mbili. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, husajili mawakala wanaopeleka wanafunzi vyuo vya nje. Mambo ya ajira za nje yako kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Wakala mjanja wa kusoma na kufanya kazi atasema kwa TCU kwamba hii ni ajira na kwa TaESA kwamba haya ni masomo. Dawa yake ni kumwomba usajili wa kila upande anaougusa, na kupiga simu kwenye ofisi husika kabla ya kulipa fedha ya fomu. Asiyetaka uulize, usimlipe.

Karatasi za hapa nyumbani sitazirefusha, isipokuwa kwa jambo moja la Katavi. Mkoa huu ulipokea wakimbizi wa Burundi tangu 1972, Katumba na Mishamo, na maelfu yao na watoto wao wamepewa uraia wa Tanzania. Kwa hiyo maswali ya Uhamiaji Mpanda kuhusu uzawa wa baba na mama ni marefu kuliko ya Dodoma, na hayamhusu mwenye asili ya Burundi peke yake. Wazazi wengi wa Kakese walizaliwa nyumbani, hawana cheti, na viapo huchukua muda. Halafu kuna majina: shuleni aliandikwa jina la babu, NIDA wakaandika la baba, cheti cha kuzaliwa kina la ubatizo. Pasi yenyewe ni shilingi 150,000, lakini kurekebisha majina kunaweza kula miezi. Hii ndiyo kazi ya kwanza, na haihitaji mkopo.

Lugha ndiyo inayokula fedha, na hapo kalenda inasaidia kuliko benki. Goethe-Institut hukadiria kwamba kufika kiwango cha B1 cha Kijerumani kunahitaji vipindi kati ya 350 na 650 vya dakika 45, na B2, ambayo uuguzi huidai mara nyingi, 600 hadi 800. Kwa vipindi 20 kwa wiki ni kama miezi tisa, bila kuugua, bila kurudia mtihani. Mpanda hakuna tawi lao. Kijana atahamia Dar es Salaam, ila si lazima ahamie kwa vipindi vyote. Hatua ya mwanzo, A1, inawezekana kwa simu na vocha za intaneti akiwa bado nyumbani, na ni kipimo kizuri: aliyeshindwa kujisomea A1 Kakese kwa miezi mitatu asipelekwe Dar kwa fedha ya shamba.

Mafunzo ya uuguzi huanza zaidi Aprili na Septemba au Oktoba. Aliyemaliza kidato cha sita Mei hupata matokeo Julai, na huenda akaitwa JKT. Akianza A1 mwishoni mwa mwaka huo, atafika B2 karibu na mwisho wa mwaka unaofuata, ndipo atafute mwajiri, apate mkataba, apange foleni ya viza. Mawakala humwambia ataondoka Septemba ijayo. Kwa hesabu yangu ni Septemba ya mwaka wa pili, au Aprili baada yake, na familia ikiipokea tarehe hiyo, katikati yake kuna mavuno mawili: ya kwanza yalipe Dar na mitihani, ya pili yalipe viza na nauli, kila moja kwa mpunga uliokwisha kuingia ghalani.